Fuata Joto: Kinachomaliza Umeme na Mafuta Yako Si Kile Unachokiona

Uniti zikiisha kabla ya siku zake, msako huanzia kwenye swichi. Nani aliacha taa ya koridoni inawaka? Nani kasahau chaja ukutani? Aliyekaa bafuni dakika 20 akioga maji ya moto hayumo hata kwenye orodha ya washukiwa. Barabarani ni vivyo hivyo. Dereva anaamka alfajiri kujaza tangi akiamini kwamba mafuta ya baridi ni mengi zaidi, anachagua petroli ya bei ya juu akidhani ni safi zaidi, kisha anaingia barabara kuu na kukimbia kilomita 120 kwa saa juu ya matairi yaliyopungua upepo.

Hakuna mjinga hapo. Nishati haina sura. Tunaona mwanga na kusikia mngurumo, basi tunadhani kinachoonekana na kusikika ndicho kinachokula. Juu ya hayo yameongezeka maneno mapya: nishati safi, nishati jadidifu, bidhaa za kijani. Yanatumiwa kana kwamba ni kitu kimoja, na mtu mwenye nia njema anajikuta ametoa pesa nyingi kununua kifaa chenye alama ya jani huku hasara kubwa ya nyumbani kwake ikiendelea pale pale ilipokuwa.

Tuanze na maneno hayo, maana ndiyo yanayovuruga mjadala.

Nishati jadidifu ni ile ambayo chanzo chake kinajirudisha: jua, upepo, maji ya mito, jotoardhi, na hata kuni ikiwa miti inapandwa kwa kasi ile ile inayokatwa. Nishati safi, kwa jinsi neno hili linavyotumika jikoni, ni ile isiyomjazia mpishi moshi kifuani. Gesi ya mtungi ni safi kwa maana hiyo, lakini si jadidifu, kwa kuwa inatokana na mafuta na gesi za ardhini ambazo zikichimbwa hazirudi. Kuni ni kinyume chake: zaweza kuwa jadidifu, lakini moshi wake si safi hata kidogo. Ufanisi ni jambo la tatu, nao hauulizi nishati imetoka wapi. Unauliza: katika kile ulicholipia, ni kiasi gani kimefanya kazi uliyoitaka na kiasi gani kimepotea? Na kubana matumizi ni kupunguza kazi yenyewe, kwa mfano kutembea kwa miguu badala ya kuwasha gari. Kuhusu neno "kijani", kwenye tangazo halina maana iliyokubalika. Muulize muuzaji ni lipi kati ya haya manne analolimaanisha.

Makala hii inahusu zaidi ufanisi na kubana matumizi, kwa sababu ndiko mtu wa kawaida ana uwezo mkubwa kuliko anavyodhani.

Uniti moja ni kitu kikubwa kiasi gani?

Wati hupima kasi ya kutumia nishati. Uniti hupima jumla iliyotumika. Fikiria bomba na ndoo: wati ni unene wa maji yanayotoka bombani, uniti ni ujazo wa ndoo. Bomba dogo likiachwa wazi siku nzima laweza kujaza ndoo nyingi kuliko bomba kubwa lililofunguliwa dakika mbili. Kwa hiyo swali la "kifaa hiki kina wati ngapi?" halijakamilika mpaka uongeze "kwa muda gani?" Kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi saa moja hutumia uniti moja. Cha wati 100 kitaichukua saa 10 kumaliza uniti hiyo hiyo.

Sasa tuitazame uniti hiyo inaweza kufanya nini. Inaweza kuchaji simu ya kisasa karibu mara 50. Inaweza kuwasha taa ya LED ya wati 9 kwa zaidi ya saa 100. Ikitumika kunyanyua vitu bila kupotea, inaweza kuinua gari la tani moja mita zaidi ya 350 juu hewani, kimo cha jengo la ghorofa 100 hivi. Lakini ukiipeleka kwenye maji, uniti hiyo hiyo itachemsha lita 10 tu, kutoka ubaridi wa kawaida hadi nyuzi 100.

Rudia kusoma mfano huo, maana ndani yake mna karibu kila ninachotaka kusema. Kuinua gari hadi kwenye kilele cha jengo refu kunalingana na kuchemsha ndoo ndogo ya maji. Joto ni ghali. Mwanga, sauti, picha na mawasiliano ni rahisi mno vikilinganishwa nalo. Ndiyo maana ukitaka kujua nyumba inamalizia wapi umeme wake, uache mwanga na ufuate joto: ni kifaa gani kinatengeneza joto, na ni kipi kinapigana nalo?

Ndani ya nyumba

Hita ya kuogea inayopasha maji papo hapo huwa na wati 5,000 hivi. Dakika 10 chini yake ni takriban uniti 0.83. Kwa kiasi hicho cha umeme, taa moja ya LED ya wati 9 ingewaka siku nne karibu kamili, usiku na mchana. Mzazi anayemkaripia mtoto kwa taa aliyoisahau saa mbili, kisha mwenyewe akaoga maji ya moto kwa robo saa, amekazana na tone huku mtungi unavuja. Kupunguza muda wa kuoga kwa dakika tatu, au kushusha swichi ya hita kutoka kiwango cha juu hadi cha kati, kunaokoa kuliko kuzunguka nyumba nzima ukizima balbu. Na jua linaweza kupasha maji bila umeme wowote. Kati ya vifaa vyote vya jua, kipasha maji cha juu ya paa ni miongoni mwa vyepesi kueleweka, kwa kuwa hakihitaji kugeuza mwanga kuwa umeme ndipo ugeuzwe tena kuwa joto.

Taa nisizidharau. Balbu ya zamani ya waya ilikuwa hita iliyotoa mwanga kidogo: zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake iliishia kuwa joto, na ndiyo sababu ilikuunguza vidole. LED ya wati 8 au 9 hutoa mwanga sawa na balbu hiyo ya wati 60. Wanasayansi watatu waliofungua njia, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kutengeneza LED ya rangi ya buluu, rangi iliyokuwa imekosekana ili kupata mwanga mweupe. Ukishabadilisha balbu zako zote, hata hivyo, umemaliza kazi upande huo. Kilichobaki kiko jikoni na bafuni.

Jikoni ndiko ningependa tukae kidogo, kwa kuwa karibu kila nyumba hupika na wachache wameelezwa kinachotokea ndani ya sufuria.

Maji yakishafika nyuzi 100 hayapandi tena, hata uongeze moto namna gani. Chakula kinachotokota kwa fujo, povu linaruka na mfuniko unapiga kelele, kiko kwenye joto lile lile la chakula kinachochemka polepole kwa viputo vidogo. Hakiivi haraka zaidi. Moto wa ziada wote unakwenda kugeuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo ni nzito kupita kiasi: kuigeuza lita moja ya maji yanayochemka iwe mvuke kunahitaji nishati karibu mara saba ya ile iliyotumika kuyafikisha kuchemka. Mpishi anayeacha moto mkali baada ya sufuria kuchemka analipia mvuke unaotoka dirishani. Punguza moto mara tu unapoona viputo, na funika. Mfuniko pekee, kifaa ambacho tayari unacho, unazuia sehemu kubwa ya hasara hiyo.

Sufuria ya presha inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo ikiwa imegeuzwa. Inafungia mvuke, shinikizo linapanda, na maji sasa yanachemka karibu nyuzi 120. Joto hilo la ziada hufupisha sana muda wa kuivisha vyakula vigumu, hasa mbegu kavu. Kuziloweka usiku kucha nako kunasaidia bila gharama yoyote. Zipo pia njia za zamani zaidi: chungu kilichochemka kinazimiwa moto na kuviringishwa ndani ya mablanketi au kapu lenye pamba nene, nacho kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe. Inafanya kazi kwa sababu kuiva kunahitaji joto lidumu. Moto unahitajika tu kufidia joto linalotoroka, na usiporuhusu litoroke huna cha kufidia.

Jiko lenyewe lina uzito gani katika hesabu hii? Mkubwa. Moto wa mafiga matatu huingiza kwenye sufuria kiasi cha asilimia 10 hadi 15 tu ya nishati ya kuni. Zilizobaki zinapasha hewa na kuta. Mkaa unaonekana nadhifu zaidi, lakini katika tanuri za udongo zaidi ya nusu ya nishati ya kuni imeshapotea porini kabla gunia halijafungwa. Jiko la gesi hupoteza joto pembeni mwa sufuria. Huenda nusu au zaidi ya moto wake unakupasha wewe. Majiko ya indaksheni, yale yanayotumia nguvu ya sumaku kuifanya sufuria yenyewe iwe ndiyo hita, hufikisha kwenye chakula asilimia 85 hivi, kwa kuwa hakuna mwali wa kupotea. Na hapa haizungumziwi bili peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020. Anayebadili jiko la moshi kwa jiko lisilo na moshi, hata kama uniti zake zinaongezeka, amefanya uamuzi mzuri kabisa, na asikubali kuambiwa kwamba ameongeza matumizi.

Friji inazungukwa na imani nyingi. Wapo wanaoizima usiku ili kubana umeme. Lakini friji haitengenezi baridi. Inachukua joto lililoingia ndani na kulitupa nje kupitia mgongoni, ndiyo maana nyuma yake kuna vuguvugu. Joto linaendelea kupenya kwenye kuta zake hata ikiwa imezimwa, na asubuhi mota itafanya kazi mfululizo kulitoa lile lililoingia usiku. Akiba ni ndogo sana, na chakula kimekaa saa nyingi katika joto ambalo vijidudu wanalipenda. Imani nyingine ni kwamba kila mlango unapofunguliwa umeme mwingi unapotea. Hewa ni nyepesi: hewa yote ya friji ya kawaida ikitoka na kuingia nyingine, kuipoza upya hakufiki hata sehemu moja ya mia ya uniti. Kinachokula ni kile kisichosimama. Raba ya mlango iliyochoka inavujisha joto ndani saa 24. Bana karatasi mlangoni kisha uivute. Ikitoka bila kukaza, raba imechoka. Friji iliyobanwa ukutani ikakosa nafasi ya kupumua, iliyowekwa karibu na jiko, au iliyojaa vumbi mgongoni, inahangaika kutupa joto mahali ambapo tayari pana joto. Na sufuria ya moto iliyoingizwa moja kwa moja inaleta joto jingi kuliko kufungua mlango mara kumi. Iache ipoe kwanza, bila kuiacha nje saa nyingi.

Kiyoyozi ni friji ambayo chumba kimekuwa ndani yake. Kukiweka nyuzi 16 hakupozi chumba haraka kuliko kukiweka 25. Vingi vinapoza kwa kasi ile ile na tofauti ni pale vitakaposimama kupumzika. Kinachosaidia zaidi ni kuzuia joto lisiingie, na ni bora kulizuia nje kuliko ndani. Pazia zito linapozuia jua, jua limeshapita kwenye kioo na joto lake limo chumbani. Kivuli cha nje, kama mti, baraza au turubai, kinalizuia kabla. Feni nayo hutumia sehemu ndogo tu ya umeme wa kiyoyozi, ila haipozi chumba. Inapoza ngozi ya mtu kwa kukausha jasho lake, kwa hiyo kuiacha inazunguka kwenye chumba kisicho na mtu hakumnufaishi yeyote.

Vipi chaja ya ukutani? Chaja ya kisasa isiyochomekwa simu hutumia sehemu ya wati. Mwaka mzima haifiki uniti chache. Ichomoe kwa usalama ukipenda, lakini usitegemee bili ibadilike. King'amuzi cha televisheni ni habari nyingine: baadhi huendelea kutumia wati 10 hivi hata vinapoonekana vimezimwa kwa remoti, na hizo kwa mwaka ni uniti zaidi ya 85. Kipimo rahisi ni mkono wako. Kifaa "kilichozimwa" ambacho bado kina uvuguvugu hakijazimwa. Ndiyo tena lile joto.

Ukinunua kifaa kipya, nyota na herufi zilizobandikwa ni msaada, ila zinabadilika. Ulaya ilipanga upya herufi zake mwaka 2021 kwa sababu vifaa vingi vilikuwa vimejazana kwenye daraja la juu na kulipotezea maana. Tafuta namba inayosema uniti kwa mwaka. Hiyo haibadilishwi jina.

Barabarani

Lita moja ya petroli imebeba nishati ya takriban uniti 9. Ni mzigo mkubwa mno kwenye chupa ndogo, na huo ndio ulioifanya itawale karne nzima. Tatizo ni kwamba injini ya petroli kwanza ni jiko, ndipo iwe mota. Katika uniti hizo 9, kama robo tu, mara nyingi pungufu, ndiyo inayofika kwenye magurudumu. Zilizobaki zinatoka kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi.

Hata ile robo iliyofika magurudumuni ina maadui watatu.

Wa kwanza ni hewa. Ukiongeza mwendo, ukinzani wa hewa hauongezeki sawasawa na mwendo. Unaongezeka kwa mraba wake. Kwa kilomita 110 kwa saa, nguvu ya hewa inayolirudisha gari nyuma ni karibu mara mbili ya ile ya kilomita 80 kwa saa. Safari ya kilomita 100 kwa mwendo wa 80 inachukua saa moja na robo. Kwa 110 inachukua dakika 55 hivi. Umepata dakika 20, na kazi ya kuipasua hewa katika kila kilomita imekaribia kuwa maradufu. Mgogoro wa mafuta ulipoitikisa dunia mwaka 1973, Marekani iliamua mwaka uliofuata kushusha mwendo wa juu wa nchi nzima hadi maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88. Hawakusubiri magari mapya. Walitumia kile ambacho kila dereva tayari alikuwa nacho, mguu wa kulia. Mzigo wa juu ya keria nao unaipa hewa kitu kipya cha kusukuma. Ukishaushusha mzigo, shusha na keria yenyewe.

Wa pili ni breki. Gari la kilo 1,200 linalokwenda kilomita 80 kwa saa limebeba nishati ya mwendo inayokaribia kuchemsha lita moja ya maji. Ukikanyaga breki hadi kusimama, yote inageuka joto kwenye diski na kupeperuka. Kisha unakanyaga mafuta kuinunua upya. Dereva anayekimbilia taa nyekundu na kufunga breki ananunua na kutupa, ananunua na kutupa. Anayeiona taa kwa mbali akaachia mguu mapema anatumia nishati aliyokwisha kuilipia. Idara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba uendeshaji wa papara unaweza kupunguza kilomita unazopata kwa lita kwa asilimia 10 hadi 40 kwenye foleni za mjini. Sijui kifaa chochote cha kufunga kwenye injini kinachoweza kushindana na hilo, na ningemshauri kila mtu aviepuke vile vinavyouzwa kwa ahadi za ajabu.

Wa tatu ni tairi. Tairi lililopungua upepo linabonyea na kunyooka kila mzunguko, na kule kubonyea kunazalisha joto. Liguse baada ya safari ndefu utalisikia. Upepo sahihi umeandikwa kwenye kibandiko mlangoni mwa dereva. Upimaji ufanyike matairi yakiwa baridi. Namba iliyochongwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo cha juu, usiijaze hiyo. Garimoshi linashinda hapa bila jasho, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halibonyei kwa kiasi cha kuonekana.

Imani za madereva zinahitaji kuzungumzwa waziwazi, hasa ile ya kuweka gia huru kwenye mteremko. Mimi mwenyewe niliamini kwa miaka kwamba inaokoa mafuta. Kwa magari ya zamani yenye kabureta palikuwa na ukweli fulani. Kwenye injini zenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta, ukiwa kwenye gia na mguu umeuachia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta inafunga mafuta kabisa. Ukiweka gia huru, injini inabidi ichome mafuta ili isizimike. Unatumia zaidi, na umejinyima breki ya injini mahali unapoihitaji kuliko pote. Naomba anayefanya hivyo aache leo, hata kama hajali mafuta.

Kujaza tangi alfajiri hakusaidii kwa sababu matangi ya vituo yako chini ya ardhi, ambako joto halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Petroli ya okteni ya juu haina nishati zaidi wala si safi zaidi. Okteni hupima uwezo wa mafuta kuhimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati. Kama kitabu cha gari hakiidai, pesa ya ziada haikuletei kilomita zaidi. Na kuunguruma dakika 10 kabla ya kuondoka hakuisaidii injini ya kisasa. Inapata joto haraka zaidi ikiendeshwa taratibu. Unaposubiri mtu, kuzima injini na kuiwasha tena kunatumia mafuta kidogo kuliko kuiacha inguruma kwa zaidi ya sekunde 10 hivi.

Kuna jambo moja ambalo watu hulikataa wanapolisikia mara ya kwanza: lita moja ya petroli, yenye uzito wa robo tatu ya kilo, ikiungua hutoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Inawezekanaje moshi uwe mzito kuliko mafuta? Kaboni iliyomo kwenye petroli inaungana na oksijeni iliyomo hewani, na oksijeni ndiyo nzito kati ya hizo mbili. Sehemu kubwa ya uzito huo haikutoka kwenye tangi. Ilitoka katika hewa tunayovuta.

Gari la umeme, na basi lililojaa

Swali linaloulizwa kila mahali: gari la umeme lina faida gani ikiwa umeme wenyewe unatokana na makaa ya mawe? Ni swali la haki, na linastahili hesabu.

Gari dogo la umeme hutumia uniti 15 hivi kwa kilomita 100. Gari la petroli linalokula lita 8 kwa umbali huo limebeba uniti 72 za nishati. Tofauti hiyo inatoka pale pale kwenye joto: mota ya umeme inapeleka magurudumuni zaidi ya robo tatu ya umeme uliochukuliwa kwenye gridi, na inapofunga breki inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya nishati kwenye betri badala ya kuichoma kwenye diski. Sasa chukulia umeme wote umetoka kwenye mtambo wa makaa. Kila uniti hapo inatoa karibu kilo moja ya hewa ya ukaa, kwa hiyo kilomita 100 zinatoa kilo 15 na ushee, dhidi ya kilo 18 hivi za petroli. Faida ni nyembamba, na kutengeneza betri kuna uchafuzi wake unaohitaji kufidiwa kwanza. Lakini mitambo ya maji, jotoardhi, jua na upepo ikishika sehemu kubwa ya gridi, hesabu inabadilika kabisa, na gari lile lile ulilonunua jana linazidi kuwa safi kadiri gridi inavyosafishwa. Gari la petroli halina njia hiyo.

Ukubwa nao uhesabiwe. Gari zito la umeme lenye betri kubwa, likibeba mtu mmoja kwenda kununua kitu kimoja, bado linasukuma tani mbili za chuma kwa ajili ya kilo 70 za mtu. Pikipiki ya umeme au baiskeli inafanya safari hiyo kwa chembe ya nishati hiyo. Safari fupi sana ndizo mbaya kuliko zote kwa injini ya mafuta, kwa kuwa injini baridi hula zaidi na inazimwa kabla haijapata joto lake.

Basi, kwa upande wake, linapimwa kwa viti vilivyokaliwa. Linalotumia lita 35 kwa kilomita 100 likiwa na abiria 50 limempa kila mmoja lita 0.7. Wewe peke yako kwenye gari lako ni lita 8. Watu wanne katika gari hilo ni lita 2 kila mmoja, na basi lile lile likiwa na abiria wanne linamgharimu kila mmoja karibu lita 9. Kwa hiyo usafiri wa umma unakuwa bora pale unapokuwa wa kuaminika kiasi cha watu kuujaza, na hilo liko mikononi mwa wapangaji wa miji kuliko mikononi mwa abiria. Si haki kumlaumu mtu kwa kununua gari ikiwa basi halifiki.

Kuna mtego mmoja unaozikuta hata nyumba zenye nia njema. Mwaka 1865 mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliona kwamba injini za mvuke zilipoanza kutumia makaa machache kwa kazi ile ile, makaa yaliyochomwa nchini yaliongezeka, kwa kuwa injini zilipata faida na zikaenea kila mahali. Nyumbani inatokea kwa udogo: taa zimekuwa nafuu, basi zinaongezwa hadi bustanini, gari halili mafuta, basi linawashwa kwa safari ambayo zamani tungetembea. Ufanisi haufutwi na jambo hili, lakini sehemu yake inaweza kumezwa usipoangalia.

Kuliona hili kwa macho hakuhitaji mtaalamu. Chagua jioni moja, zima kila kitu, nenda kwenye mita uandike tarakimu zake au uhesabu taa ndogo inapepesa mara ngapi kwa dakika. Ikiwa bado inapepesa, kuna kinachokula na hujakikumbuka; tafuta chenye uvuguvugu. Kisha washa kimoja kimoja: taa zote za nyumba kwanza, halafu televisheni, halafu friji, halafu pasi, na mwisho hita ya kuogea. Mpeleke na mtoto aliyekaripiwa kwa ajili ya taa ya koridoni, na umwache yeye ahesabu.